Pete ya dapivirini: mwezi wa pili ndio wa kuandaliwa

Dada muuguzi ameuliza hivi: zahanati yao huku Pwani ya Kenya imeambiwa ijiandae kutoa pete ya ukeni ya kuzuia VVU, wamepata mafunzo ya siku moja, na sasa anataka kujua waanzie kwa wahudumu au mtaani.

Dada, anzieni mtaani, ila hesabu ya stoo iwe imeshafanywa. Kuivaa pete mara ya kwanza ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe ni mama huyo kurudi kwa pete ya pili na ya tatu, na hilo huamuliwa na mambo anayoyasikia nyumbani.

Mjue kwanza historia mnayoibeba. Dawa za kuweka ukeni ili kuzuia VVU, yaani mikrobisidi, zimevunja watu moyo mara nyingi. Mwaka 2000 ilibainika kwamba nonoksinoli-9, kemikali ya kuua mbegu za kiume, iliwaongezea hatari wanawake walioitumia mara kwa mara. Januari 2007 majaribio ya jeli ya selulosi salfeti yalisimamishwa, Uganda ikiwemo. Mwishoni mwa 2009 jeli ya PRO 2000, iliyojaribiwa hadi Mwanza na Masaka, ilionekana haikingi. Jeli ya tenofoviri, mojawapo ya dawa za ARV, ilipunguza maambukizi kwa 39% katika utafiti wa CAPRISA 004 uliotangazwa 2010, lakini utafiti wa FACTS 001 mwaka 2015 haukuyapata tena matokeo hayo. Kwa hiyo mtu akiuliza barazani, "Si ndiyo ile jeli iliyoleta ukimwi?", msimkatize. Mwambieni kweli kwamba zile zilijaribiwa zikashindwa, na hii ni dawa nyingine, kwa njia nyingine.

Funzo zito zaidi lilitoka utafiti wa VOICE, uliojaribu vidonge na jeli ya kuzuia VVU kwa wanawake wa Afrika. Washiriki walieleza kwamba wanatumia dawa zao karibu 90% ya wakati, lakini sampuli za damu zilizokutwa na dawa hazikuzidi 30%. Wanawake wale hawakuwa wabaya. Waliogopa madhara, waliogopa mume, waliogopa kuonekana na dawa za ARV ilhali ni wazima. Muuguzi anayeuliza kwa ukali "umetumia au hukutumia?" atajibiwa anachotaka kusikia. Ulizeni hivi: "Wengi huitoa siku fulani fulani. Wewe ilikuwa lini?"

Pete yenyewe ni ya silikoni laini, upana wake milimita 56, ina miligramu 25 za dapivirini, dawa ya kuzuia VVU, inayotoka polepole ukeni, na kiasi kidogo mno ndicho huingia kwenye damu. Hukaa mwezi mzima bila kutolewa, hata wakati wa hedhi au tendo la ndoa. Matokeo ya tafiti mbili kubwa yalitangazwa Februari 2016: ASPIRE ulionyesha maambukizi yamepungua kwa 27%, na Ring Study kwa 31%. Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza Januari 2021 kama chaguo la nyongeza. Semeni takwimu hizi wazi. Mwanamke akiuliza kama PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU kabla ya hatari, za vidonge au sindano, vinakinga zaidi, jibu ni ndiyo, vikitumiwa ipasavyo. Pete ni ya yule asiyeweza au asiyetaka hivyo vingine. Haizuii mimba, haizuii magonjwa mengine ya zinaa, na haikingi tendo la njia ya nyuma. Mkiificha kweli hii, mwanamke wa kwanza atakayeambukizwa huku amevaa pete ataufunga mradi wenu.

Sasa mtaani. Mkiita baraza la chifu mtapata wazee na viti vingi vitupu. Nendeni pia kwenye vyama vya akina mama, saluni, kwa wauza vyakula, na hasa kwa somo, yule mama anayewafunda maharusi. Yeye ndiye amewafundisha kujiosha kwa ndani na kujifukiza, na akisema pete ni uchafu, imekwisha. Kaeni naye mapema. Mwelezeni kwamba pete haihitaji kuoshwa kila siku, kwamba ikibadilika rangi baada ya hedhi haijaharibika, na kwamba usafi wa nje kwa maji unatosha. Mpeni ya mfano aishike, aibane, aivute. Pete mkononi hujibu maswali ambayo bango haliyajibu.

Swali litakalorudi kila siku ni "haitapotelea tumboni?" Tumieni mfano wa nyonga, au mchoro kama hamna. Onyesheni kwamba uke una mwisho, na mlango wa kizazi hauwezi kupitisha pete. Kisha namna ya kuivaa: anaosha mikono, anachuchumaa au anaweka mguu mmoja juu ya kiti, anaibana pete kwa vidole ikunjike, anaisukuma taratibu kuelekea mgongoni. Akiihisi inamkera, bado iko chini, aisukume juu zaidi. Avae mwenyewe hapo kliniki na aitoe mwenyewe mara moja. Anayevalishwa na muuguzi akaenda zake huwa na hofu ya kuigusa, na ikiteleza hatajua la kufanya.

Ikitoka chooni wakati wa kujikamua, au ikianguka mahali pachafu, aitupe na apewe nyingine. Ikiwa imeangukia pasafi, aisuuze kwa maji safi yasiyo moto, bila sabuni, airudishe mara moja. Iliyotumika hufungwa kwenye pakiti yake na kutupwa kwenye taka, mbali na watoto. Isitumbukizwe chooni wala kuchomwa. Muda wa kuanza kukinga ni saa 24 tangu kuivaa, hivyo kondomu ni lazima siku hiyo ya kwanza na inafaa siku zote.

Kuhusu wanaume, wengine wataigusa wakati wa tendo, na haiwadhuru. Lakini msimlazimishe mwanamke kumwambia mume. Muulizeni kwanza, faraghani, kama kuna kipigo nyumbani, kisha mfanye naye mazoezi ya maneno atakayotumia akiamua kusema.

Kliniki: msiipange pete kwenye foleni ya ARV, atakayeonekana pale atapewa jina. Iwekeni kwenye chumba cha uzazi wa mpango. Kipimo cha VVU hufanyika kabla ya kuanza, baada ya mwezi mmoja, halafu kila miezi 3. Mwenye homa, koo kuuma, tezi zilizovimba na upele baada ya hatari ya karibuni huenda ana maambukizi mapya, asubiri apimwe tena. Aliye ndani ya saa 72 tangu hatari apewe kwanza PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya hatari, za siku 28. Wasichana wahitaji uangalizi wa ziada: katika ASPIRE, wa miaka 18 hadi 21 hawakuonyesha kinga, na matumizi yao yalikuwa hafifu. Mpigieni kila mmoja simu wiki ya kwanza, wakati pete bado ni ngeni mwilini.

Hesabu ya stoo ndipo wengi wanapokwama. Mkiandikisha wanawake 10 wapya kila mwezi na wote wakaendelea, mwezi wa kwanza ni pete 10, wa pili 20, wa sita 60. Jumla ya zitakazovaliwa miezi sita ni 210, si 60. Aliyeagiza 60 anamaliza boksi mwezi wa tatu, na wanawake wanarudi nyumbani mikono mitupu. Ongezeni kidogo kwa zinazoanguka, na vipimo vihesabiwe kwenye jedwali hilohilo. Pete hazihitaji friji, ila rafu isiwe chini ya bati, joto lisizidi nyuzi 30. Mwezi wa kwanza mpeni moja. Akirudi akiwa sawa na kipimo ni hasi, mpeni tatu za miezi mitatu, ili nauli isiwe sababu ya kukosa, ila mjue hapo stoo hupungua haraka kuliko hesabu ya juu. Na mtakapobakiza pete za mwezi mmoja tu, simamisheni wapya kwanza, zilizobaki ziwe za waliokwisha kuanza.