Usilishe kaa koko asubuhi, nakuomba

Weee usithubutu! Umesema vizimba umeshaweka kwenye mikoko, kaa utawalisha saa mbili asubuhi na saa nane mchana kama mlivyofundishwa kwenye semina, halafu unauliza mbao gani inadumu na Dar wananunua bei gani. Mbao achana nazo kwanza, hiyo ratiba ndo itakumaliza mdogo wangu.

Na mimi nilipewa hiyohiyo. Jamaa kaja na projekta na kofia ya mradi, anatwambia kaa ni kama kuku, ukimpangia muda anazoea. Anazoea wapi! Kaa koko mchana kajifukia kwenye tope katulia tuli, jua likizama ndo anatoka kutafuta chakula. Sasa mimi asubuhi namwaga utumbo wa samaki, na kwetu Tanga kipindi cha bamvu, yaani siku maji yanajaa sana na kupwa sana, maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, kwahiyo saa nne asubuhi yameshapwa, vizimba viko wazi, jua linachoma, chakula kinaoza humohumo na kaa hajakigusa hata kidogo. Mchana maji yanarudi yanakuta uozo, nami naongeza mwingine maana ratiba imesema. Kaa wakaanza kufa. Waliobaki mnunuzi kaja, kaminya gamba karibu na miguu ya nyuma likabonyea, akasema hawa watupu, hawana nyama, akawasha pikipiki. Hela ya samaki, ya mbao, ya kijana wa kulinda, yote ikaishia topeni, na yule bwana posho yake alishakula zamani!!

Kinachoniuma hili jambo linajulikana. Mwaka 1958 huko Uingereza mtafiti Naylor aliweka kaa wa ufukweni maabara, humo maji hayajai wala hayapwi, na bado walikuwa wanachangamka saa zilezile ambazo kule walikotoka maji yanajaa. Saa anayo mwilini, humpangii wewe. Hata wavuvi wetu wanaoingia kokoni na ndoano maji yakipwa, wanajua fika yuko shimoni.

Kwahiyo shika hili moja: lisha GIZA LIKIINGIA na MAJI YAKIWEMO kizimbani. Vyote viwili. Na usiweke saa maalum, maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, ukikariri saa wiki ijayo umeshapotea. Fuata mwezi au tafuta jedwali la maji. Bamvu (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) wahi maghribi tu, ukichelewa maji yamekukimbia. Maji mafu (siku za mwezi nusu, maji hayajai wala kupwa sana) yanajaa kwenye saa nne usiku, hapo una nafasi. Alfajiri pita utoe mabaki yote, na kama yamebaki mengi kesho punguza.

Bei za Dar waulize walioko huko. Mimi niambie kwanza, bamvu maji yakipwa vizimba vyako vinabaki na maji au vinakauka? Kama vinakauka vishushe kwenye mkondo kabla hujanunua hata kaa mmoja.