Tafuta Msimamizi Kabla ya Kutafuta Chuo

Nilipoanza kutafuta nafasi ya shahada ya uzamivu, nilianzia kwenye orodha ya vyuo vyenye majina makubwa. Niliandika barua pepe moja, nikaituma kwa maprofesa zaidi ya 30 nikibadilisha jina la anayeandikiwa tu, kisha nikangoja. Waliojibu walikuwa wawili, na wote walisema hawana nafasi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba tatizo halikuwa alama zangu. Nilikuwa nimetafuta chuo kwanza na kumwacha msimamizi awe jambo la baadaye, ilhali yeye ndiye atakayesoma kila sura ya tasnifu yako, na neno lake ndilo litakaloamua lini uiwasilishe.

Safari ya pili nilianza na makala za kitaalamu nilizozitegemea sana nilipokuwa nikiandika tasnifu ya shahada ya umahiri. Niliorodhesha majina ya waandishi wake, nikaangalia nani bado anachapisha kuhusu suala hilo na nani ameshahamia mambo mengine. Katika fani nyingi za sayansi, jina la kwanza kwenye makala huwa la aliyefanya kazi yenyewe, mara nyingi mwanafunzi, na la mwisho huwa la kiongozi wa kundi la utafiti. Kwa hiyo makala moja ilinipa mtu wa kumwomba nafasi na mtu wa kumuuliza habari zake. Nilibaki na majina sita, na barua hizo sita zilinichukua muda mrefu kuliko zile 30.

Mojawapo ilianza hivi: “Katika makala yenu ya mwaka jana mmeeleza kwamba sampuli za msimu wa mvua hazikuingizwa katika uchambuzi. Ninazo takwimu za msimu huo kutokana na utafiti wangu wa umahiri, na ningependa kujua kama mnadhani zingebadilisha matokeo.” Baada ya hapo niliandika sentensi mbili za kujitambulisha, nikauliza kama wangepokea mwanafunzi mwaka unaofuata, na kuambatanisha wasifu wa kurasa mbili. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, na lilihusu zile sampuli.

Hata hivyo, jibu zuri halitoshi. Kabla ya kuomba rasmi, zungumza na wanafunzi anaowasimamia sasa, ikiwezekana kwa simu, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaweka kwenye maandishi. Waulize wanakutana naye mara ngapi, rasimu ya sura huirudisha baada ya muda gani, na waliowatangulia walimaliza kwa miaka mingapi. Katika wale sita, aliyenijibu kwa uchangamfu kuliko wote alikuwa na mwanafunzi ambaye, nilipomuuliza walionana lini mara ya mwisho, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Ni mtu mwenye shughuli nyingi sana,” akaniuliza mimi nasoma nini. Sikuomba nafasi pale, na mpaka leo naamini nilifanya sawa.

Utaratibu wa kuomba hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na barua iliyofaa kwingine inaweza kukuangusha mahali pengine. Uholanzi na Uswidi, nafasi nyingi hutangazwa kama ajira, zikiwa na mshahara na mkataba ambao kwa kawaida ni wa miaka minne, na mradi huwa umeshapangwa. Hapo unaeleza kwa nini unaufaa mradi huo. Uingereza, mara nyingi hasa katika sayansi za jamii na fasihi, unakwenda na pendekezo lako la utafiti, na ufadhili huenda ukauomba kando. Marekani unaomba idara, tarehe za mwisho nyingi zikiwa Desemba, na vyuo vingi hukupa hadi tarehe 15 Aprili kuamua kuhusu nafasi yenye ufadhili. Kwa Ulaya, tovuti ya EURAXESS ina matangazo mengi, zikiwemo nafasi za Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili watafiti. Ila soma masharti ya mpango huo mapema, kwani kwa kawaida hupaswi kuwa umeishi au kufanya kazi katika nchi inayokupokea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia.

Kuhusu fedha, uliza bila haya: ada nani analipa, posho inaendelea hadi lini, bima na gharama za kukusanya takwimu zimo au hazimo, na itakuwaje ufadhili ukiisha tasnifu ikiwa bado haijakamilika.

Walimu watakaokuandikia barua za mapendekezo wape angalau mwezi mmoja, pamoja na tangazo, wasifu na rasimu ya pendekezo lako. Mimi nilimwomba mwalimu wangu zikiwa zimebaki siku sita, naye alikuwa safarini; barua haikufika na ombi langu halikusomwa. Mwaka uliofuata nilimwendea miezi miwili kabla, nikiwa na nyaraka zote ndani ya bahasha moja na tarehe ya mwisho imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu. Aliituma barua wiki hiyohiyo.