Darubini ya kwanza ya klabu ya nyota, kwa anga la Ikweta

Vitabu vingi vya kuangalia nyota viliandikwa kwa ajili ya watu wa London na Boston, na stendi nyingi za darubini zimetengenezwa zikiwalenga wao. Walimu na wanafunzi wakichanga fedha Morogoro au Mombasa, kisha wakafuata vitabu hivyo neno kwa neno, huishia na chombo kizuri kisichoendana na anga lao. Kabla hamjanunua chochote, angalieni kwanza mko wapi duniani.

Kosa la kwanza, na ndilo la gharama kubwa, ni stendi ya ikweta. Pamoja na jina lake, watu wa Ikweta ndio inaowasumbua zaidi. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na uinuke kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali. Dar es Salaam ni karibu nyuzi 7, Mwanza mbili na nusu, Nairobi moja tu. Stendi nyingi haziwezi kulala chini kiasi hicho: skrubu inafika mwisho, au uzito wa kusawazishia unagonga mguu wa stendi. Hata ikilala, hamna cha kulengea. Nyota ya Kaskazini ukiwa Dar iko chini ya upeo, na ya kusini inayoshika nafasi yake ni hafifu mno, tena imejificha kwenye ukungu nyuma ya minazi.

Chukueni darubini ya Dobson, yenye kioo cha milimita 150 au 200. Hukaa juu ya boksi la mbao linalozunguka kushoto na kulia, bomba likipanda na kushuka, basi. Ya milimita 150 yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi picha inapokusanyika) wa milimita 1200 ikiwa na lenzi za jicho mbili, ya milimita 25 na ya milimita 10, inakuza mara 48 na mara 120, yaani 1200 gawanya kwa 25 au kwa 10. Klabu itakaa na hizo mbili miaka mingi bila kutamani nyingine. Boksi la dukani likijisifu "mara 525" kwa darubini ya milimita 60, liacheni hapo hapo. Kikomo cha maana ni mara mbili kwa kila milimita ya upana, kwa hiyo darubini hiyo haivuki 120; ukizidisha, utakuza ukungu. Fedha zikiwa kidogo, darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50) ni bora kuliko darubini mbovu ya stendi inayotikisika.

Dobson nayo ina udhaifu wake, na huku kwetu unaonekana zaidi. Bomba likisimama wima kabisa, kulizungusha kunakuwa shida kwa sababu huna pa kushika ili kulisukuma pembeni. Ulaya hilo halisumbui sana, kwani sayari huko hupita chini chini. Ukiwa Dodoma, Mshtarii (Jupiter) na Zohali (Saturn) zikifika juu kabisa haziteremki chini ya nyuzi 60, na wakati mwingine zinapita utosini. Basi pangeni kuonyesha sayari saa mbili kabla ya kufika juu, au saa mbili baada ya kupita. Programu ya Stellarium, ambayo ni ya bure, itakupa saa hiyo ukiiwekea mji wako.

Tarehe ya kukutana ichagueni kwa mwezi, siyo kwa Jumamosi iliyo karibu. Kwa wageni na watoto, usiku bora ni siku ya 6 hadi ya 9 tangu mwezi uandame. Mwanga unapiga ubavuni, kuta za mashimo zinatupa vivuli virefu, na mtu anaona milima kweli. Mwezi mpevu hauna vivuli: unaumiza jicho na hauonyeshi kitu. Wanachama wanaotaka nyota hafifu wasubiri siku ya 22 hivi tangu mwezi uandame. Kuanzia hapo unachomoza karibu na saa sita usiku, na jioni nzima inabaki giza. Kwa mtu wa pwani anayefuata kalenda ya Kiislamu, hesabu hii tayari iko ukutani kwake.

Fikeni uwanjani mchana. Mwenyekiti wa mtaa na mlinzi wa shule wawe wamejulishwa, maana watu kumi wamezunguka bomba gizani huzua maswali. Lengeni mnara wa simu ulio mbali, kilomita moja au zaidi, mlinganishe kilengeo, yaani kile kidarubini kidogo cha kulengea kilicho ubavuni, na darubini kubwa wakati bado kuna mwanga. Darubini itolewe nje nusu saa kabla: kioo kilichopikwa ndani ya gari kinachemsha hewa ya bombani, na Zohali inacheza kama kitu kilicho chini ya maji. Jua likizama, giza kamili huja baada ya saa moja na dakika kumi hivi.

Halafu vioo. Safari ya barabara ya vumbi juu ya bodaboda inatosha kuvisogeza, na darubini iliyosogezwa vioo haitaonyesha kitu kikali hata mkihangaika na fokasi usiku kucha. Lazeni bomba mlalo kwanza, ili kispana cha skrubu kikiponyoka kisidondokee kioo kikubwa. Toeni lenzi ya jicho, muweke mahali pake kifuniko cha plastiki chenye tundu la milimita 2 katikati. Chungulia: ndani ya kioo kidogo, kile kilicho karibu na mdomo wa bomba, lazima uone kioo kikubwa chote, pamoja na vishikizo vyake vitatu. Kimoja kikikosekana, geuza skrubu za kioo kidogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kisha mwenzako aende nyuma ya bomba. Azungushe skrubu za kioo kikubwa huku wewe ukichungulia, mpaka tundu lako jeusi liingie katikati ya kile kiduara kilichobandikwa kiwandani katikati ya kioo kikubwa. Mtu mmoja akifanya peke yake atachukua nusu saa. Wawili, dakika tano.

Foleni nayo ina hesabu yake. Kwa mara 120, uwanja wa kuonea ni kama robo tatu ya upana wa mwezi, na dunia inapozunguka sayari inauvuka ndani ya sekunde 100 hivi. Iweke pembeni kabisa upande inakoingilia, umwachie mgeni. Kila baada ya watu wawili, mwangalizi arudishe. Waambieni watu waweke mikono nyuma ya mgongo. Mtoto akifika kwenye lenzi huishika kama bakuli la uji, na Mshtarii unaondoka.

Anga letu lina zawadi ambazo wa kaskazini wanazikosa. Katikati ya Mei, saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini umesimama upande wa kusini na Dubu Mkubwa amepinduka upande wa kaskazini, vyote kwa wakati mmoja. Kuanzia Juni, kiangazi cha bara, Nge anapita karibu na utosi na Njia Nyeupe nyuma yake. Desemba na Januari ni zamu ya Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima walikitazama kabla ya darubini kuwepo: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mwulizeni mzee wa jirani. Mara nyingi anayo majina ambayo hayapo kwenye programu yoyote.

Pwani, adui ni unyevu. Lenzi ikiingia ukungu wa umande msiifute kwa kanga wala kuipuliza kwa mdomo. Iingizeni mfukoni ipate joto la mwili. Nyumbani zihifadhini kwenye boksi lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, la sivyo kuvu litaota ndani ya vioo kama mizizi midogo, na halitoki. Kioo kikubwa kikichafuka kabisa, kioshwe kwa maji ya betri yaliyokenekwa (distilled water), na msome chupa vizuri, kwani nyingine ni asidi.

Kile kichujio cha jua kinachokazwa kwenye lenzi ya jicho kivunjwe siku hiyo hiyo boksi linapofunguliwa. Kinapasuka kwa joto, na jicho linaungua kabla halijahisi maumivu. Jua huangaliwa kwa kichujio maalum kinachofunika mdomo wa mbele wa bomba, msijaribu njia nyingine.

Kila mwanachama awe na daftari. Usiku wa kwanza achore Mshtarii kama duara dogo, na vidoti vya miezi yake, vinne au pungufu, kwenye mstari, kisha aandike saa. Usiku unaofuata, saa ile ile, achore tena chini yake. Io, mmoja wa miezi hiyo, huzunguka sayari yake kwa saa 42 na nusu tu, kwa hiyo akiwa kulia leo, kesho mara nyingi atakuwa kushoto.