Ng'ombe hashiki mimba? Anza kuangalia alivyokula kabla ya kuzaa

Wanaoanza kufuga huniuliza sana: ng'ombe huu ni mwezi wa nne tangu azae, mbona hashiki mimba? Nami huwauliza alikuwa anakula nini kabla ya kuzaa.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Zikibaki 60, acha kumkamua kabisa, hata kama bado anatoa maziwa na wateja wanagonga mlango. Kiwele kipumzike, na ndama ndiyo kwanza anakua kwa kasi. Huku Kilimanjaro, kwenye mabanda ya mgombani, mtu akishakausha ng'ombe humwondolea pumba, anamwachia migomba na mabua. Mgomba ni maji mengi, protini kidogo. Akizaa, maziwa hupanda haraka kuliko anavyoweza kula, basi hula mwili wake mwenyewe, na aliyekonda hivyo hukaa muda mrefu bila kupata joto, yaani hamu ya kupandwa.

Usimnenepeshe kupita kiasi pia, kwani mnene akizaa hukosa hamu ya kula, na ini hulemewa na mafuta. Wiki 3 za mwisho mwongezee pumba na mashudu ya alizeti kidogo kidogo hadi tumbo lizoee. Chokaa ya mifugo ipunguze wakati huo, irudishe akishazaa. Ukimkuta amelala, masikio ya baridi, shingo ameikunjia ubavuni, hiyo ni homa ya maziwa, yaani chokaa imepungua ghafla kwenye damu. Mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, wala usimnyweshe kitu kwa chupa, kitaingia mapafuni.

Kondo la nyuma hutoka ndani ya saa 12. Tafadhali sana, usilivute wala kulifungia jiwe. Ukilichana, kizazi kinaoza, na hapo ndipo mimba nyingi zinapopotelea.

Mwenye ng'ombe mmoja ana kazi ya ziada, maana hakuna mwenzake wa kumpanda tukaona. Pita bandani alfajiri na usiku utafute dalili za joto: analia ovyo, maziwa yamepungua ghafla, ute mwangavu kama wa yai unaning'inia. Ukiona asubuhi, mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mbegu ya chupa, aje jioni. Ukiona jioni, aje asubuhi. Anza kupandisha siku 60 baada ya kuzaa, andika tarehe ukutani, na siku ya 21 tangu apandishwe mwangalie tena kama ana joto. Akirudia mara 3, daktari apime kizazi kabla hujalaumu mbegu.