Kijana wako ni kiungo na akademi imemwacha? Mtafutie dakika, si jina la klabu

Wazazi wenzangu Waswahili hapa Uingereza hunipigia simu akademi, yaani shule ya soka ya klabu, inapomwacha kijana wao. Mwanangu naye ni kiungo, namba nane, na aliachwa akiwa na miaka 18. Jibu langu halibadiliki: mpeleke mahali atakapocheza na watu wazima, hata kama ni ngazi ya sita.

Chini ya Ligi Kuu kuna klabu 72 katika Championship, League One na League Two, ngazi ya pili hadi ya nne. Kisha ipo National League, ngazi ya tano, na chini yake National League North na South, ngazi ya sita. Nafasi zipo, lakini mshambuliaji anaweza kujiuza kwa mabao. Kiungo ataulizwa amecheza mechi ngapi za wakubwa. Ndiyo maana nilimsihi wangu aachane na kikosi cha vijana cha klabu yenye jina, akajiunge na timu inayofanya mazoezi Jumanne na Alhamisi usiku.

Huko mpira ni mwingine. Mwezi wa Februari uwanja ni tope, beki anabutua mbele, na riziki ya kiungo ni mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya watu wawili kugombea kichwa. Akademi ilimfundisha kupokea mpira akiwa ameshageuka. Sasa ilibidi asome utadondokea wapi, aweke mwili mbele ya mwanamume aliyekomaa, kisha autoe kwa mguso mmoja. Alipoyazoea hayo ndipo ufundi wake wa zamani ulipoanza kuonekana. Hili mnaweza kulifanyia kazi wenyewe: mrushie mpira juu, msukume kidogo begani, mwambie autoe kabla haujadunda mara ya pili.

Mtazameni Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya aliyelelewa akademi ya Leeds United. Julai 2020, bao lake la dakika za nyongeza dhidi ya Brentford lilisaidia kuibakiza Barnsley katika Championship. Baadaye alikwenda Hartlepool kwa mkopo, League Two, akatafuta dakika. Tarryn Allarakhia wa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, alipita Crawley Town, akashuka hadi Wealdstone, na timu ya taifa ikamwita akiwa ngazi ya tano. Kushuka hakujawafuta, na hilo linanipa moyo sana ninapozungumza na vijana waliokata tamaa.

Sasa mkataba, na hapa msione haya kuuliza. Ngazi hizi mikataba mingi ni ya mwaka mmoja, na kwa kawaida huisha Juni 30. Je, mshahara unalipwa mwaka mzima au miezi ya msimu tu? Akiumia goti, nani analipia upasuaji, na atalipwa kwa muda gani akiwa nje? Majibu yawe kwenye karatasi. Wakala anayemdai mzazi pesa ili kijana apewe majaribio, mkatieni simu.

Masomo yaendelee. Timu za mazoezi ya usiku zinamwachia mchana, na wangu anautumia kusomea ufundi umeme. Mwezi wa Mei klabu hutangaza wanaobaki na wanaoondoka. Kabla ya hapo awe na video za mechi nzima, si vipande vya kuvutia tu, maana kocha anayemtafuta kiungo hutaka kuona anasimama wapi timu inapokuwa haina mpira.