Pampu ya bwawa ikivuja, usianze na gundi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mabwawa, utaitwa sana kwa neno moja: "Fundi, pampu inavuja." Ukifika, acha gundi kwenye mkoba. Chukua tambara kavu, pangusa viungo vyote, kisha chuchumaa uangalie tone la kwanza linatokea wapi. Likitokea katikati ya mota na pampu, tatizo ni sili ya shafti (kizuizi cha maji kwenye mhimili unaozunguka), na bomba halina kosa.

Upande wa kusukuma, maji yanapotoka kwenye pampu, ni rahisi, maji yanaonekana pampu ikiwa kazini. Upande wa kuvuta, maji yanapoingia kutoka bwawani, ndio unaowapoteza wengi. Pampu ikizunguka, tundu la upande huo halitoi maji, linavuta hewa. Utaona mapovu yakitoka kwenye midomo inayorudisha maji bwawani, na hewa imejikusanya chini ya mfuniko wa chujio, yaani kikapu cha takataka kilicho mbele ya pampu. Kama pampu imekaa chini ya usawa wa bwawa, ukiizima ndipo kiungo kinaanza kudondosha. Mimi hupaka povu la kunyolea kwenye kiungo ninachokishuku pampu ikiwa inafanya kazi. Penye tundu, povu linanyonywa ndani. Anza na oringi (pete ya mpira) ya mfuniko wa chujio. Mara nyingi kosa liko hapo, na ni kazi ya dakika tano.

Mwaka wangu wa kwanza nilirudi mara tatu kwenye hoteli moja Nungwi kwa adapta ileile (kiunganishi chenye nyuzi kati ya pampu na bomba) ya upande wa kusukuma. Kwanza niliongeza tefloni, utepe wa kuzungushia nyuzi, halafu nikaweka adapta mpya. Safari ya tatu niliifungua nikaitazama kwenye mwanga: nyuzi zake zilikuwa zimesinyaa kama mshumaa uliosahauliwa juani. Usiku maji ya bwawa yalikuwa yakishuka chini ya mdomo wa skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu ya bwawa), pampu inazunguka kavu, maji machache yaliyobaki ndani yanapata moto na plastiki inalainika. Hata ningebadili adapta kumi, bila kurekebisha usawa wa maji zote zingeishia vilevile.

Ukishajua chanzo, zima umeme kwenye breka, si kwenye swichi ya saa, maana saa inaweza kuwasha pampu mikono yako ikiwa ndani. Funga vali, fungua hewa kwenye filta, tangi la kusafisha maji baada ya pampu, mpaka geji ya presha isome sifuri.

Kata bomba penye sehemu nzima, mkato unyooke, ondoa makapi kwa kisu na msasa. Hapa pima kwa makini. Huku kwetu bomba la inchi moja na nusu, ambalo nje lina milimita 48.3, huuzwa duka moja na vifaa vya milimita 50. Moja linaingia ndani ya kingine na linacheza. Gundi ya PVC huyeyusha plastiki ili ishikane, haizibi nafasi. Kiungo cha namna hiyo kitakurudisha.

Tefloni izungushe kufuata mwelekeo wa kukaza, mizunguko mitatu hadi mitano. Kaza adapta kwa mkono, kisha mzunguko mmoja hivi kwa spana. Ukilazimisha, mdomo wa pampu unapasuka, na hapo unanunua mwili mzima wa pampu kwa kosa la adapta ya bei ndogo. Weka yunioni (viungo vinavyofunguka bila kukata bomba) kila upande kama hazipo, na oringi zake zipake grisi ya silikoni. Tegemeza bomba kwa kikamatio ukutani; bomba linaloning'inia linavuta adapta kila pampu inapotetemeka.

Paka gundi pande zote mbili, sukuma hadi mwisho huku ukizungusha robo, shikilia nusu dakika. Meneja atakuhimiza uwashe, wageni wanataka kuogelea. Mimi humwambia mpaka kesho.

Kesho yake jaza chujio maji, fungua vali, washa, toa hewa kwenye filta. Pitisha karatasi ya chooni chini ya kila kiungo. Kisha zima, subiri nusu saa, upitishe tena upande wa kuvuta.