Kumpenda mwenzako anayekusengenya

Ndugu mpendwa, umeuliza utampendaje mfanyakazi mwenzako anayekusengenya, bila kujifanya kwamba hujaumia. Upendo wa Kikristo haukudai uigize furaha. Mathayo 18:15 inakuelekeza umwendee aliyekukosea, mkiwa wawili tu, umweleze kosa lake. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa maana kumlalamikia rafiki ni rahisi kuliko kumkabili mhusika. Mtafute faraghani, mtajie neno lenyewe alilolisema na jinsi lilivyokuumiza, kisha unyamaze umsikilize, hata kama maelezo yake hayatakuridhisha. Akikataa kupatana, endelea kumsalimu na kumsaidia kazini anapokwama, kwani 1 Wakorintho 13:5 inasema upendo hauhesabu mabaya. Lakini, kwa maoni yangu, hulazimiki kumkabidhi siri zako.